Mimea Nayo Inavuta Hewa

 

Leo naanza na swali kwa wakulima, hasa wa maharage. Umepanda mbegu nzuri, mvua haikukuangusha, palizi umefanya kwa wakati. Maua yameanza kufunga maganda, mara majani ya chini yanatoka vidoa vidogo vya rangi ya shaba. Unalitazama jani vizuri: vidoa viko upande wa juu. Unaligeuza, chini ni safi. Mdudu humwoni, wala ukungu huuoni. Baada ya muda majani yanageuka manjano na kupukutika kabla ya wakati wake, na siku ya kupura gunia halijai. Je, unamlaumu nani?

Wengi wetu tunailaumu mbegu. Wengine wanalaumu udongo uliochoka, au duka la pembejeo lililouza dawa hafifu. Mara nyingi lawama hizo ni za haki. Lakini kuna sababu moja ambayo katika vikao vyetu vya kilimo haitajwi, na ndiyo iliyonileta kwenye kipaza sauti leo: hewa.

Tumezoea kuizungumzia hewa chafu kama adui wa mapafu. Tunataja pumu, kikohozi cha watoto wa mjini, na mama anayepika kwa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha. Hayo ni kweli na yanastahili kusemwa kila siku. Ila mmea nao unavuta hewa, mchana kutwa, na hauna miguu ya kukimbilia penye hewa safi. Hoja yangu ni moja, na naomba uishike hadi mwisho wa mazungumzo haya: hewa ni pembejeo, sawa na mbegu, mbolea na maji. Ikichafuka, mavuno yanapungua, na anayelipa hasara ni mkulima, hata kama siye aliyeichafua.

Gesi inayoharibu mazao kuliko zote duniani inaitwa ozoni. Najua wengi wenu mmefundishwa shuleni kwamba ozoni inatukinga na mionzi mikali ya jua. Ni kweli, lakini hiyo ni ile iliyoko juu sana angani, kilomita 15 hadi 30 kutoka ardhini. Ninayoizungumzia mimi ni gesi hiyohiyo ikizaliwa hapa chini, tunapoishi na kulima. Haitoki moja kwa moja kwenye bomba la moshi la gari wala la kiwanda. Inaundwa hewani. Moshi wa magari, wa mitambo ya umeme, wa viwanda na wa mapori yanayoungua hutoa oksidi za nitrojeni. Moshi huohuo, pamoja na mvuke wa petroli na wa rangi za kupaka, hutoa gesi zenye kaboni. Jua likizipiga gesi hizo zikiwa pamoja, ozoni inazaliwa. Na jua, msikilizaji wangu, sisi hatujawahi kulikosa.

Gesi hii huchukua muda kuundwa, na wakati inaundwa moshi unasafiri na upepo. Katikati ya jiji, moshi mpya wa magari huila sehemu ya ozoni, hivyo kiwango chake hushuka. Huko nje, kwenye mashamba yaliyo upande uendako upepo, hakuna cha kuila. Ndiyo maana mara nyingi vipimo vya ozoni huwa juu vijijini kuliko mjini. Lori linanguruma barabarani jijini, na jani linaungua kwenye shamba lililo makumi ya kilomita kutoka hapo.

Hayo yalijulikanaje? Twende California, Marekani. Mwaka 1944, katika mashamba ya mboga yanayozunguka mji wa Los Angeles, majani ya spinachi na saladi yalianza kubadilika rangi, yakawa kama yamepakwa fedha au shaba. Mtaalamu wa magonjwa ya mimea wa Chuo Kikuu cha California, John Middleton, aliuhusisha uharibifu huo na ukungu wa moshi uliokuwa ukiufunika mji. Baadaye mkemia mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza ladha na harufu ya mananasi, aliigeukia hewa ya mji huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alionyesha kwamba mvuke wa petroli na gesi za moshi wa magari, vikipigwa na jua, huzaa ozoni, na kwamba hewa ya namna hiyo ikipulizwa kwenye mimea inaleta majeraha yaleyale ya mashambani. Mwaka 1958 ikathibitika kwamba vidoa vya majani ya mizabibu ya California vinatokana na ozoni. Mwaka 1959 ikathibitika vilevile kwa vidoa vya tumbaku, ambavyo wakulima walidhani vinaletwa na hali ya hewa tu. California ilipounda bodi ya kusimamia hewa, mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa huyohuyo Haagen-Smit. Zingatia jambo hili: spinachi ya mkulima ilitoa taarifa, mwanasayansi akaichukua kwa uzito, na serikali ikatunga kanuni za moshi wa magari.

Sasa tuingie ndani ya jani. Jani lina vitundu vidogo mno, hutaviona bila hadubini. Mchana vinafunguka ili kuingiza hewa ya ukaa, na humo ndani, kwa nguvu ya jua na maji, jani linatengeneza sukari. Sukari hiyo ndiyo inayojaza punje ya mahindi, ganda la maharage na kiazi kilicho chini ya udongo. Ozoni inaingia kwa mlango huohuo. Ikishaingia inashambulia utando wa seli na kuharibu mitambo ya kutengeneza sukari. Mmea haukai kimya. Unajitetea na kujitibu, lakini kwa gharama ya sukari iliyokuwa iende kwenye punje. Ni kama kaya inayouza mahindi ya akiba ili kulipia hospitali: mgonjwa anaweza kupona, lakini ghala limepungua. Zaidi ya hapo majani yanazeeka upesi, na mizizi inapata chakula kidogo, hivyo ukame ukija mmea unakuwa dhaifu.

Kuna jambo hapa linaloumiza. Wakati wa ukame mkali mmea hufunga vitundu vyake ili usipoteze maji, na kwa kufanya hivyo huizuia ozoni pia. Mmea uliomwagiliwa vizuri huviacha wazi. Maana yake ni kwamba, hewa ikiwa chafu, mkulima aliyegharamia pampu na mifereji anaweza kupata pigo kubwa kuliko jirani yake ambaye mimea yake imesinyaa kwa kiu.

Hasara ni kubwa kiasi gani? Utafiti wa kimataifa ulioongozwa na Gina Mills wa Uingereza na kutolewa mwaka 2018 ulikadiria kwamba, kati ya 2010 na 2012, ozoni ilipunguza mavuno ya dunia kwa wastani wa asilimia 12 kwa soya, asilimia 7 kwa ngano, asilimia 6 kwa mahindi na asilimia 4 kwa mpunga. Kwa India peke yake, watafiti Jennifer Burney na Veerabhadran Ramanathan waliandika mwaka 2014 kwamba mavuno ya ngano ya mwaka 2010 yalikuwa chini kwa hadi asilimia 36 kuliko ambavyo yangekuwa bila mabadiliko ya tabianchi na uchafu wa hewa, na kwamba sehemu kubwa ya upungufu huo ililetwa na ozoni pamoja na masizi. Chukua hesabu ndogo kabisa kati ya hizo, asilimia 4. Kwa mkulima anayevuna magunia 25, hilo ni gunia zima. Gunia hilo ni ada ya mtoto, au ni mbegu ya msimu ujao.

Utaniambia kwamba hiyo ni California na India, kwenye magari na viwanda vingi. Sisi je? Sisi tuna moshi wetu. Kila mwaka, kuanzia Juni hadi Oktoba, mapori na mbuga za kusini mwa Ikweta zinawaka, kutoka Angola, kusini mwa Kongo na Zambia hadi Tanzania na Msumbiji. Moto wa kusafisha shamba, moto wa kuotesha nyasi mpya za mifugo, moto wa warina asali na wawindaji, moto wa mkaa. Moshi huo unabeba malighafi zote za ozoni, na jua la kiangazi linamalizia kazi. Ongeza miji yetu inayokua kwa kasi, na magari mengi yanayoingia nchini yakiwa yameshatumika miaka mingi kwingine.

Sasa fikiria mkulima wa vinyungu kule Iringa na Njombe. Kiangazi kikifika anashuka bondeni, penye unyevu, anapanda mahindi mabichi, maharage na mboga. Mimea yake ina maji ya kutosha, vitundu vya majani viko wazi, na hewa inayopita juu yake ni ile iliyojaa moshi wa miombo. Mkulima huyo anastahili kujua kinachopita juu ya shamba lake.

Tena maharage, zao letu la kitoweo na la biashara, ni miongoni mwa mazao yanayodhurika kwa ozoni upesi. Karibu na mji wa Bangor, kule Wales, watafiti wa kituo cha Uingereza cha ikolojia na hidrolojia wamepanda mazao ya Afrika ndani ya nyumba za kioo zinazopulizwa ozoni kwa kipimo. Matokeo yao ya mwaka 2020 yalionyesha mavuno ya maharage na ngano yakishuka, na yakaonyesha pia kwamba aina moja ya mbegu haidhuriki sawa na nyingine. Hilo la pili ni habari njema: ustahimilivu upo ndani ya mbegu, na unaweza kutafutwa.

Mkulima atatambuaje? Dalili za ozoni kwenye maharage huanza kwenye majani ya zamani, yale ya chini. Vidoa ni vidogo, vya kahawia au vya shaba, vimejaa kati ya mishipa ya jani, upande wa juu. Ukipitisha kidole, hakibaki na unga. Kutu ya maharage, ambayo ni ugonjwa wa kuvu, huacha unga mwekundu wa kahawia kidoleni. Tofauti hiyo ni muhimu sana mfukoni, maana dawa ya kuvu haitibu ozoni. Ukinyunyizia, umepoteza fedha na jeraha liko palepale.

Kuna kipimo rahisi zaidi, na ningependa kukiona kwenye bustani za shule zetu. Watafiti wa kilimo wa Marekani walitenga mbegu mbili za maharage: moja inaitwa S156, inaugua upesi kwa ozoni, nyingine R123, inastahimili. Zinapandwa bega kwa bega, kwenye udongo uleule, kwa maji yaleyale. Ile dhaifu ikijaa vidoa na kuzaa kidogo huku mwenzake akinawiri, hewa imejieleza yenyewe. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuifanya kazi hiyo na kuielewa.

Ozoni haiko peke yake. Nenda Lubumbashi, kule Katanga, mji ambao wakazi wake wanazungumza Kiswahili. Tangu mwaka 1911 tanuri kubwa la kuyeyushia shaba lilitoa moshi wenye salfa na vumbi la madini. Upepo wa kiangazi hapo huvuma kutoka kusini-mashariki, na ukaupeleka moshi kaskazini-magharibi, mwaka baada ya mwaka. Upande huo msitu wa miombo ulikufa, ardhi ikabaki wazi, na udongo ukajaa shaba na metali nyingine kiasi kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamelazimika kutafuta nyasi za pekee zinazoweza kuota hapo. Moshi wa tanuri umepungua sana, lakini udongo haujasamehe. Huko India, wakulima wa maembe wamejua kwa miongo mingi kwamba bustani iliyo jirani na tanuri za matofali hupata embe lenye ncha nyeusi, lisilouzika. Sisi nasi tunachoma matofali chini ya miembe yetu.

Na kuna uchafu unaotua juu ya jani. Vumbi la barabara ya kokoto linalifunika jani likose mwanga. Moshi wa magari unaacha metali. Utafiti uliofanywa Kampala na kuchapishwa mwaka 2006 ulikuta risasi kwenye mboga za majani zilizolimwa kando ya barabara zenye magari mengi, na ukaonyesha kwamba kiasi chake kwenye udongo hushuka haraka kadiri unavyoondoka barabarani, hadi kufikia hali ya kawaida ukipita mita 30. Wewe unayelima mchicha au sukuma wiki pembezoni mwa barabara kuu, nakuomba uishike namba hiyo.

Msikilizaji, nisikuache na huzuni, kwa sababu kazi ya kuisafisha hewa inawezekana. Tumeshaifanya. Mwezi Juni 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar kuachana na petroli yenye risasi, na kufikia Januari 2006 ilikuwa imeondoka kwenye vituo vyao vya mafuta. Mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia dizeli yenye salfa kidogo, isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Maamuzi hayo mawili yalipitishwa na viongozi wetu wenyewe, na magari hayakusimama, wala uchumi haukuanguka.

Sheria nayo ina mfano wa zamani. Mji wa Trail, nchini Kanada, ulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha madini ambacho moshi wake wa salfa ulivuka mpaka na kuunguza mashamba ya wakulima wa jimbo la Washington, Marekani. Wakulima walilalamika, mimea ikachunguzwa, fidia ikalipwa. Mwaka 1941 jopo la usuluhishi likaamua kwamba hakuna nchi yenye haki ya kuiacha ardhi yake itumike kwa namna ambayo moshi wake utaleta madhara makubwa katika nchi nyingine. Moshi wa mapori yetu unavuka mipaka kila mwaka. Jumuiya yetu ina kila sababu ya kuufanya ajenda.

Basi tufanye nini? Kwanza, tupime. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Afrika Mashariki ina vituo vya kuheshimika vinavyopima ozoni, kama kile cha Mlima Kenya kilicho juu ya mita 3,600, na kile cha mlima Mugogo huko Rwanda. Lakini hivyo viko vileleni. Tunahitaji vipimo bondeni, penye maharage, mpunga na ngano. Nchini Tanzania tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na tuna chombo cha taifa cha kuisimamia. Naishauri serikali iweke viwango vya hewa kwa ajili ya mazao, kando ya vile vya afya ya binadamu. Marekani imefanya hivyo kisheria tangu mwaka 1970.

Pili, watafiti wetu wa mbegu, kuanzia Uyole kule Mbeya, waijumuishe ozoni katika majaribio yao, kama wanavyojumuisha ukame na kutu. Na maafisa ugani wafundishwe kuitambua dalili yake, ili wasimwandikie mkulima dawa asiyoihitaji.

Tatu, tupunguze moshi wenyewe. Mkakati wa Tanzania wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, unazungumzwa kama jambo la afya na misitu. Uzungumzwe pia kama jambo la mavuno. Treni ya umeme iliyoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 isihesabiwe kwa abiria tu. Kila lori la mizigo itakaloliondoa barabarani ni nafuu kwa shamba la Morogoro.

Na wewe mkulima mwenzangu, yako machache yaliyo mikononi mwako. Mabua usiyachome, yatandaze shambani yatunze unyevu, au yageuze mboji. Ukilazimika kusafisha kwa moto, fuata sheria ndogo za kijiji na lima mkuza wa kuzuia moto kabla ya kuwasha. Tanuri la matofali liweke mbali na miembe, michungwa na bustani. Mboga za majani zipande mbali na barabara kuu, ziwekee ua wa miti, na kabla ya kupika zioshe kwa maji ya kutosha. Ukiona vidoa usivyovielewa, chukua jani, mpelekee afisa ugani, na umuulize bila woga: je, hii inaweza kuwa hewa?

Viongozi wa vijiji, msimu wa moto unapokaribia, iteni mikutano na mliseme tatizo hili la hewa kwa jina lake. Waheshimiwa wabunge, bajeti ya kilimo ikifika mezani, ulizeni fedha za kupima hewa ziko ukurasa gani. Tumekubali kugharamia mbolea, tumekubali kugharamia mifereji. Hewa inayoingia kwenye jani inastahili kulindwa kwa uzito uleule, kwa sababu bila hiyo mbolea na maji yetu hayatafika kwenye punje.